Neno Nililokubebesha, Mama

Malinya, Jumapili alasiri

Mama,

Baba ameketi jikoni kwenye kiti chako, kile chenye mguu mmoja mfupi, anachambua mboga kana kwamba hakunituma. Lakini amenituma. Jana aliniambia, macho yakiwa kwenye kisu: "Mimi nimesikia. Sasa mwambie yeye." Kwa hiyo nakuandikia. Kesho asubuhi, kabla ya saa ya shule, tutasimama kando ya kaburi lako, Baba, mdogo wangu Musimbi na mimi, nami nitakusomea. Sehemu nyingine nitazisoma kwa sauti. Nyingine nitazipitia kwa macho tu, kwa kuwa hizo ni zako na zangu.

Unanijua. Mimi si mtu wa kukosa maneno. "Wewe unaongeanga kama redio yenye imekwama," uliniambia nikiwa darasa la sita, na ukawaambia wageni hivyo hivyo nilipochaguliwa kuwasemea wanafunzi chuoni, ila safari hiyo uliisema kwa majivuno. Leo redio imenyamaza. Tangu tutoke kanisani nimechana karatasi nne.

Nianze na habari za nyumbani, jinsi ulivyokuwa ukianza kila uliponipigia simu: kuku kwanza, watu baadaye. Yule kuku mwekundu ametotoa nyuma ya ghala, mahali ulipomkataza. Mihogo imestawi upande wa barabara. Baba amejifunza kusonga obusuma; pembeni ugali umeiva, katikati bado ni unga, na Musimbi anaula wote na kumwambia ni mtamu. Kule kijitoni mnakooshea mchanga wa dhahabu, wenzako hawajamruhusu mtu kukalia jiwe lako. Nilipita wiki iliyopita nikawakuta wamepanga karai zao pembeni yake, nalo limebaki wazi, kavu juu, limelowa chini. Mmoja alinipa ndizi.

Musimbi amenipita kwa urefu. Ana miaka kumi na minne, Mama. Mwezi ujao atatimiza kumi na mitano. Chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ile wanayoipata bure, hutolewa kwa walio kati ya miaka kumi na kumi na minne. Umeona tulipofika. Zimebaki wiki tatu, na katikati ya wiki hizo na mkono wa mdogo wangu kumesimama neno moja uliloliandika wewe, kwa herufi kubwa, kwenye fomu ya shule: HAPANA.

Naomba tulirudie lilikotoka. Wewe ulilijua; Baba na Musimbi hawajawahi kunisikia nikilisema lote.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mwaka wa kwanza wa fizikia na mwaka wa kwanza wa kujiona mkombozi. Nilirudi likizo nikakuta walimu wametuma fomu za chanjo nyumbani. Nilikuwa nimesoma mambo kwenye simu, maneno makali yasiyo na mwenyewe, kwamba sindano ile imeletwa kuyafunga matumbo ya wasichana wa Kiafrika. Sikumuuliza mhadhiri hata mmoja. Sikwenda maktaba, ambayo iko hatua mia mbili kutoka chumba changu. Jumamosi ile nilikwenda uwanja wa kupiganisha fahali, mahali ambapo wasichana hawapewi kipaza sauti, nikakichukua. Nilisema, na bado nalikumbuka kila neno kwa sababu nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Mwili wa binti wa Ikolomani si maabara ya mtu yeyote."

Walishangilia. Ngoma za isukuti zililia kabla fahali hawajaingia. Nawe ulikuwa kwenye ukingo wa uwanja na wenzako wa kijitoni, leso kiunoni, ukacheza. Niliona mabega yako yakicheza. Ulipofika nyumbani ulimwambia Baba: "Mtoto wangu ameongea kama wakili." Kisha ukaomba kalamu.

Mama, ulikataa chanjo ya Musimbi kwa sababu ulinipenda mimi. Sijapata namna nyingine ya kulisema jambo hilo, na nimezitafuta nyingi.

Mwaka uliofuata ulianza kutokwa na damu isiyo na wakati. Ulikaa nayo miezi. Baadaye ulinieleza: "Nilifikiri ni umri tu, mukhana wanje, binti yangu. Mambo ya wanawake kuisha." Nilitaka kukuamini. Lakini nilikuwa nimesema mengine pale uwanjani, kwamba hata vipimo vya zahanati ni mtego, kwamba wanaoingia wazima hutoka wagonjwa. Je, ulikaa na damu ile kwa ajili ya maneno yangu? Nilikuuliza mara moja, siku ambayo nilikuwa nikikukanda miguu. Uliniambia nikuletee maji. Nilikuletea. Sikukuuliza tena, na sasa sitajua kamwe. Sehemu hii sitaisoma kwa sauti.

Nataka kukumbuka jambo jema, nalo pia lilitokea karibu na kitanda chako.

Nilikuwa nimeanza mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Ningeweza kuchagua nyota, au umeme wa jua kama wenzangu. Nilichagua kuuliza swali moja kwa lugha ya fizikia: virusi wanaoleta ugonjwa wako hufanya nini hasa hadi seli yenye afya ikawa saratani? Msimamizi wangu alinionya kwamba ninaingia shamba la watu wa biolojia bila jembe. Nilimjibu kwamba jembe nitalichonga. Ndiyo ile redio yako, Mama.

Ulikuwa umelala ubavu, dirisha limefunguliwa, mvua ya alasiri inakaribia, ukasema: "Nieleze basi hiyo kitu inanikula." Nikakueleza. Nilichora nyuma ya bahasha ya eksirei mabonde mawili na kilima katikati. Nilikwambia: seli ni kama gololi iliyokaa katika bonde la kwanza. Humo inatii. Inagawanyika inapohitajika, inasimama inapoambiwa simama. Bonde la pili ni la seli isiyosimama. Gololi haitulii hata siku moja, kwa sababu joto la mwili huitikisa daima, lakini kilima ni kirefu, kwa hiyo inatikisika na kurudi, inatikisika na kurudi, maisha yote. Halafu nikakwambia kwamba virusi huja na kuisukuma. Katika hesabu zangu nilikuwa nimeandika nguvu inayoisukuma gololi kuelekea bonde la pili.

Tatizo, nilikwambia, ni kwamba hesabu zinakataa. Nikiweka nguvu hiyo, kila gololi inavuka, na inavuka upesi. Lakini duniani sivyo ilivyo. Wanawake wengi mno hupata virusi hao wakati fulani, na miili ya wengi huwafukuza wenyewe, bila mtu kujua. Wachache hubaki nao. Na hata hao wachache, ugonjwa huja baada ya miaka kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, kwa saa isiyotabirika.

Uliitazama ile bahasha muda mrefu. Kidole chako kilikuwa kimekonda. Pete ilikuwa ikizunguka. Ukakiweka juu ya kilima.

"Hiyo kitu haisukumi," ulisema. "Hiyo inachimbanga chini ya ukuta."

Sikuelewa. Ukanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mgeni wa mjini. Wachimbaji wawili wakiwa na mashimo jirani, huacha ukuta wa udongo katikati, na ni mwiko kuugusa. Lakini mwenye tamaa huufuata mkanda wa dhahabu hadi chini ya ukuta, anakwangua kidogo leo, kidogo kesho. Ukuta hauanguki. Yeye anapata chake na kwenda zake. Watu wanaendelea kupita juu, wanabeba magunia, wanacheka. "Siku moja mvua ya kawaida inanyesha," ulisema, "hata si kubwa. Ukuta unaenda. Halafu watu wanauliza nani alisukuma. Hakuna mtu alisukuma."

Nilirudi chuoni kesho yake nikaifuta ile nguvu. Niliiacha gololi na mtikisiko wake wa kawaida, nikakipunguza kilima peke yake. Huko ndani ya seli jambo hilo si hadithi: virusi hawa hutengeneza protini mbili ambazo huzishika breki za seli na kuziharibu, na breki hizo ndizo kilima chenyewe. Nikaiwasha kompyuta nikangoja. Gololi nyingi hazikuvuka. Chache zilivuka, kila moja kwa wakati wake, nyingine nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa nazo. Na niliona jambo lililonifanya niketi sakafuni. Ukikipunguza kilima kidogo tu, muda wa kungoja haupungui kidogo. Unapungua, tuseme, mara kumi, na ukikipunguza tena kidogo hicho hicho, unapungua tena mara kumi. Wanafizikia waliijua sheria hiyo muda mrefu katika mambo ya kemikali na joto. Wewe uliijua kutoka mashimoni.

Msimamizi aliuliza nimeipata wapi fikra ya kuiondoa nguvu. Nilimwambia: kwa mama yangu, anaosha dhahabu Malinya. Alinitazama akaona sifanyi mzaha. Kisha akasema neno ambalo nimelibandika juu ya meza yangu: "Kumbuka hiki ni kielelezo, si mgonjwa." Ni kweli. Gololi yangu haikuwahi kuomba maji. Haikuwahi kuficha uso ili nisione inaumia. Nilikuletea matokeo nikitaka kukupa habari kwamba ulikuwa sahihi, ukasema, "Nilikuwa najua," ukalala.

Miezi saba imepita tangu tukuzike, na nilipotulia kidogo nilimwendea Baba kwa ajili ya Musimbi. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika tano. Aliniacha nimalize, akaingia chumbani, akatoa ile fomu. Aliitunza, Mama, ndani ya Biblia yako. Akaiweka mezani.

"Mama yenu aliandika hapana. Mtu akienda, neno lake linabaki. Mimi sitalikanyaga."

Unajua jinsi ninavyobishana. Nilileta vitabu, nilileta picha, nilileta ile kompyuta na gololi zake. Baba alitazama yote kwa adabu. Hakukataa hata jambo moja la fizikia. Hakuwa akibishana na sayansi; alikuwa akikulinda wewe. Na nani alimfundisha kwamba neno la marehemu halipitwi, kama si sisi sote, kila tunapolia kwenye matanga? Niliona ningeweza kushinda mabishano yote na bado kumpoteza Musimbi.

Senje, dada yake Baba, ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alikuja kutusaidia kupalilia, akatusikia tukizozana, mimi na kaka yake, akasimama katikati ya mtaro na jembe begani. "Hilo neno si la marehemu," alisema. "Ni lako wewe. Yeye alikubebea tu, akaenda nalo. Nenda ulirudishe pale uliliachia."

Jana, basi, nilikwenda uwanjani.

Umati ulikuwa ule ule. Mtangazaji alinitambua mara moja, akasema kwenye kipaza sauti: "Ni yule wakili wetu. Leo ni sindano gani tena?" Wakacheka. Mmoja akapaza sauti nyuma: "Ongea haraka dada, ndume inakasirika." Baba alikuwa upande wa mti wa mkalitusi na wenzake, kofia imeshuka. Safari hii sikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo.

Niliwaambia: miaka mitatu iliyopita nilisimama hapa nikawalisha uongo. Sikujua kwamba ni uongo, lakini aliyelishwa sumu haulizi kama mpishi alikusudia. Niliwaambia sikuwa nimepima kitu. Nilikuwa na sauti tu. Kisha nikasema jambo ambalo tulilificha siku ya mazishi, pale mimi mwenyewe niliposoma wasifu wako na kusema uliugua tumbo. Nilisema: "Mama yangu hakufa kwa tumbo. Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi." Wanaume wakatazama viatu vyao. Nisamehe kama nilikuvua nguo mbele za watu. Niliona ni afadhali wewe ujulikane kuliko mwingine azikwe kwa jina la tumbo.

Halafu nikawaeleza ukuta. Sikusema nadharia, sikusema protini. Nilisema mashimo mawili na ukuta katikati. Kijana mchimbaji, tope bado liko magotini, aliuliza: "Sasa hiyo sindano inajenga ukuta?" Nikamjibu hapana, ukuta uliokwisha kuchimbwa sindano haiujengi, kazi yake ni kumzuia mchimbaji asiingie. Akafikiri. "Ndio maana wanadunga watoto." Nikasema ndiyo, kabla mchimbaji hajaijua njia. Mwanamke mmoja akauliza, na sisi ambao tumezaa tayari? Nikamwambia sisi twende tupimwe, maana ukuta ulioanza kuliwa huonekana kabla haujaanguka, na huweza kutengenezwa ukiwahiwa.

Si wote walioamini. Nilisikia mtu akisema chuo kimeninunua. Mwingine alisema kwamba aliyedanganya jana atadanganya leo, na kwa hilo ana haki. Lakini mzee mmoja wa kike anayeuza karanga alimkemea: "Mwacheni amalize. Msichana wangu pia tulisema ni tumbo." Akarudi kupima karanga zake. Nilimaliza hapo.

Baba aliondoka kabla ya pambano la pili. Yeye, ambaye hata siku ya mafua hubaki hadi fahali wa mwisho. Nilimkuta nyumbani ameshika kisu na mboga, akaniambia yale niliyokuandikia mwanzoni.

Musimbi ananichungulia mlangoni sasa hivi. Ameuliza kama inauma. Nimemwambia inauma kidogo, mkono utavimba siku moja au mbili. Ameuliza kama wewe ungemshika mkono. Nimemwambia ungemshika, na ungemwambia aache kujiliza kwa kitu kidogo, na ungemnunulia mandazi njiani. Amesema basi mimi ninunue hayo mandazi.

Baba ametoa koti lake la kanisani, amelitundika kwenye msumari. Labda atatusindikiza kwenye chanjo baada ya kaburini.

Sasa nikuage, Mama. Nilipoanza nilikusudia kukuomba ruhusa. Nilikusudia kesho, baada ya kusoma, tunyamaze kidogo, kisha nimwambie Baba kwamba umekubali. Angeniamini. Ningelisema vizuri, hata machozi yangekuja. Lakini nimekwisha kutia neno langu kinywani mwako mara moja, ulipokuwa hai, na umezikwa nalo. Sitatia la pili. Baba akiniuliza umesema nini, nitamjibu kwamba hukusema kitu. Kwamba mimi ndiye ninayesema Musimbi achanjwe, nimesoma, nimepima, nimeuliza wanaojua, na likitokea lolote nilaumiwe mimi.

Nakuahidi hivyo, nami si mtu wa ahadi ndogo: sitampa tena mtu neno alibebe ambalo sijaupima uzito wake kwa mikono yangu. Pumzika, mama yangu. Hili la sasa nitalibeba mwenyewe.

Binti yako,
Khasandi